Barua ya wazi kuhusu ngumi za kulipwa Lubumbashi: tunaomba kalenda

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo, Kinshasa;
Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga;
Kwa Mheshimiwa Meya wa Mji wa Lubumbashi;
Kwa viongozi wa shirikisho la ngumi la taifa na wa ligi yetu ya jimbo.

Waheshimiwa,

Tarehe 23 Oktoba 1987, mjini Livorno, Italia, mzaliwa wa Lubumbashi alimshinda Mmarekani Iran Barkley kwa pointi na kuvaa mkanda wa dunia wa shirika la WBA wa uzito wa kati. Jina lake Sumbu Kalambay. Mwezi Mei wa mwaka uleule alikuwa amekwenda Wembley kumnyang'anya Herol Graham ubingwa wa Ulaya, na Graham hakuwa amewahi kupoteza pambano. Machi 1988 akampa Mike McCallum kipigo chake cha kwanza. Waliozifuata ngumi za miaka ile wanalitaja jina la Kalambay kwa heshima mpaka leo. Katika ukumbi ninaofundishia, hapa Katuba, nikilitaja vijana wananitazama kama nimetaja mgeni. Wote wanamjua Muhammad Ali.

Mikanda ile Kalambay aliitwaa akiwa raia wa Italia. Simlaumu hata kidogo. Alikwenda mahali ambapo bondia alijua pambano lake lijalo ni lini, akapigana miaka kadhaa mapambano ya kawaida ambayo leo hakuna anayeyakumbuka, na katika hayo ya kawaida ndimo alimokomaa. Graham, Barkley na McCallum walikuja baadaye. Jambo ninalowaandikia ni hilo, nami nitalishika mpaka mwisho wa barua: ngumi za kulipwa zitapata tena watu na heshima katika mji huu siku tutakapokuwa na mapambano madogo ya mara kwa mara, yenye tarehe zinazojulikana, malipo yanayofika mkononi, na hukumu ambayo mtu anaweza kuiamini.

Kila tukizungumza na wakubwa kuhusu ngumi, mazungumzo hukimbilia Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Nayapenda mazungumzo hayo kama Mkongomani yeyote. Ali alimwangusha George Foreman raundi ya 8, saa za alfajiri, katika uwanja wa 20 Mai ambao sasa tunauita Tata Raphaël, na kelele za "Ali boma ye", yaani Ali muue, zikazunguka dunia. Serikali ya wakati ule ilidhamini dola milioni 10, milioni 5 kwa kila bondia. Lakini wale wawili walipopanda ndege kurudi kwao, ni utaratibu gani ulibaki wa kumtoa kijana wa Likasi au wa Kamina mazoezini na kumfikisha kwenye mkanda? Tumeishi na kumbukumbu ile nusu karne, tunaisimulia vizuri, na bondia wetu bado anakopa nauli.

Tulipewa nafasi nyingine. Tarehe 31 Januari 2020 Ilunga Makabu, mtoto wa Kananga, alimshinda Mpoland Michał Cieślak hukohuko Kinshasa akachukua mkanda wa dunia wa shirika la WBC, katika uzito ulio chini kidogo ya ule wa juu kabisa. Desemba ya mwaka huohuo akautetea nyumbani mbele ya Mnigeria Olanrewaju Durodola. Utetezi uliofuata, mwaka 2022, aliufanya Ohio, Marekani, na Februari 2023 akaupoteza kwa Badou Jack huko Saudi Arabia. Huku kusini, sisi wa ukumbini tulishangilia kama watu wote. Kisha kesho yake tukarudi kwenye gunia lilelile lililojazwa matambara na mchanga, bila tarehe hata moja ukutani.

Niwaeleze kijana wetu anavyoishi. Anaamka saa kumi na moja, anakimbia kabla magari hayajajaa barabarani, kisha anakwenda kutafuta: mmoja anabeba mizigo soko la Kenya, komuni ya hapa mjini, mwingine ni mlinzi wa usiku, mwingine anashuka machimboni na kurudi baada ya majuma mawili akiwa amekonda. Jioni anakuja kupiga gunia. Swali lake ni moja: kocha, nitapigana lini? Sina jibu la kumpa. Na mwili wa bondia hauandaliwi hivyo. Pambano la kweli linataka majuma nane au kumi ya kupanda taratibu. Kwanza mapafu na miguu, halafu mbinu, halafu raundi za kupigana na mwenzake ukumbini, halafu kupunguza uzito polepole ili afike kwenye mzani bila kujikausha maji. Bila tarehe hakuna anayejua yuko juma la ngapi. Anafanya mazoezi ya jumlajumla mwaka mzima, anachoka bila kukomaa, na miaka yake mizuri, ambayo kwa bondia ni michache, inapita.

Kisha simu inalia. Ni Zambia, au Tanzania, au Afrika Kusini. Bondia fulani amejitoa, pambano ni Jumamosi, leo ni Jumatano, mna mtu wa kilo hizi? Kijana anakubali, kwa sababu hajui simu nyingine italia lini. Anakwenda bila maandalizi, anapigwa. Baada ya mwezi anaitwa tena, anapigwa tena. Kwenye BoxRec, daftari la intaneti ambalo mapromota wa dunia nzima hulifungua kabla ya kumwita mtu, sasa anaonekana ni mtu wa kushindwa. Na yale mapambano aliyoshinda hapa Lubumbashi hayamo mle, kwa kuwa hakuna aliyepeleka matokeo kwa njia inayokubalika. Kipigo chake kimeandikwa, ushindi wake haukuandikwa. Hata wakubwa wetu simu za namna hiyo zimewafikia. Martin Bakole, ndugu yake Makabu, alimsimamisha Jared Anderson huko Los Angeles mwezi Agosti 2024. Februari 2025 akaitwa Riyadh siku mbili tu kabla ya pambano, kuziba nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua. Alikwenda, akapanda ulingoni na Joseph Parker, raundi ya 2 pambano likaisha. Bakole alikuwa na jina la kumrudisha ulingoni. Kijana wa Katuba hana.

Ombi la kwanza, nalo ndilo kubwa, ni tarehe 6 kwa mwaka. Zitangazwe Januari na zisiguswe na mtu. Jumamosi moja kila baada ya miezi miwili. Mapambano matano au sita kila mara, mengi ya raundi nne na sita, moja la raundi nane au kumi la kufungia. Yaanze saa nane mchana yaishe kabla ya giza, kwa sababu umeme wa SNEL tunaujua, na kwa sababu mama anayetoka Ruashi na watoto wake anataka kupata basi la kurudi nyumbani. Hatuombi jumba. Tunaomba ulingo mmoja mzuri wa kufunguliwa na kufungwa, wenye mbao imara, kitambaa kisichoteleza na kamba nne zilizokazwa, utunzwe na ofisi ya meya na kukopeshwa klabu zote kwa zamu. Safari hii uwekwe katika ukumbi wa shule huko Kampemba, safari nyingine Kamalondo, nyingine Place de la Poste katikati ya mji, waliolipa wakae mbele na wasio na kitu wasimame nyuma bure.

Mtaniambia kila mchezo unahitaji nyumba yake. Kweli. Huko Accra, mtaa wa wavuvi wa Bukom ulijengewa jumba lake la ngumi likafunguliwa mwaka 2016. Lakini mabondia Ike Quartey na Joshua Clottey walikuwa wameshatoka mtaani humo na kujulikana duniani kabla jumba halijakuwapo. Mazoea yalitangulia, nyumba ikafuata. Na mji wetu unalijua jambo hili kuliko miji mingi. Mazembe, timu yetu ya mpira, haikupendwa kwa sababu ya fainali ya Abu Dhabi na Inter mwaka 2010, ingawa usiku ule hatutausahau. Ilipendwa kwa sababu kwa miaka na miaka mtu wa Lubumbashi amejua Jumapili hii kuna nini, na amejua wapinzani wao wa hapahapa, Lupopo, watakutana nao lini, na amebishana juu ya hilo kazini juma zima. Bondia hana Jumapili yake. Mpeni.

Kuhusu kuwaita watu, tujifunze kwa wacheza mieleka wetu. Wengi wa ngumi huwadharau, husema ni maigizo na uchawi wa uongo. Mimi siwadharau. Kabla ya onyesho lao wanapita mitaani na matarumbeta na ngoma, watoto nyuma yao, na jioni kila nyumba inajua nani anapigana na nani. Sisi tunabandika karatasi mbili ukutani na kulalamika kwamba watu hawakuja. Mzani ufanyike hadharani sokoni Kenya, siku moja kabla. Watu wamwone kijana wao akipanda mzani, wasikie kilo zake, wamwone mpinzani wake usoni. Watangazaji wetu wa redio wanaojua kuupa mpira uhai kwa Kiswahili cha hapa wafundishwe kuhesabu pointi, wakae kando ya ulingo, na pambano lisikike mpaka Kipushi.

Kikwazo kimoja nakitaja haraka. Mtu akitaka kuandaa pambano dogo leo, kila idara inakuja na risiti yake: kibali hiki, ushuru ule, na wengine wanakuja mlangoni siku yenyewe. Mapato ya viti mia tatu yanaisha kabla bondia hajafungwa bandeji mikononi. Toeni karatasi moja, dirisha moja, ada moja ndogo inayojulikana, na kwa miaka mitatu ya mwanzo isamehewe.

Sasa fedha za bondia. Nimemsindikiza kijana wangu kwenye pambano ambalo tuliahidiwa malipo kwa mdomo. Alishinda. Usiku ule akapewa nusu, akaambiwa nusu nyingine ni Jumatatu. Jumatatu simu ya mwandaaji ilikuwa imezimwa, na haikuwashwa tena kwa ajili yetu. Simtaji, kwa sababu akiondoka yeye atakuja mwingine, na mlango uliompitisha utakuwa bado wazi. Mlango huo ni kwamba mtu mmoja anaruhusiwa kuwa promota, meneja wa bondia, na mtu anayechagua refa na majaji. Bondia hana wa kumtetea, maana anayepaswa kumtetea ndiye anayemlipa. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000, ikaipa jina la Muhammad Ali, inayokataza promota kuwa na masilahi katika umeneja wa bondia wake na inayomlazimisha kuonyesha hesabu za pambano. Sisi tunayo sheria ya michezo namba 11/023 ya 24 Desemba 2011. Tunachoomba ni kanuni za ngumi za kulipwa zilizo wazi chini yake, zisomeke kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, zikiwa na mambo haya: mkataba ulioandikwa kwa kila pambano, hata la raundi nne, fedha zote za mabondia ziwekwe benki mikononi mwa kamati siku saba kabla, kamati hiyo asiwemo promota wala meneja, na fedha isipokuwapo, tangazo la kuahirisha litoke siku hiyohiyo, kwa jina la aliyeshindwa kulipa. Mkifanya hili peke yake, nawaahidi mtaona mabondia waliokata tamaa wakirudi ukumbini.

Waheshimiwa, hapa nitasema jambo zito zaidi, na naomba mnisikilize bila hasira.

Wakati wa kampeni, magari husimama mbele ya kumbi zetu. Wanaoshuka hawaji kutazama mazoezi. Wanatafuta vijana wenye vifua. Wanawapa fulana ya chama, dola chache, chupa, na kazi: kusukuma watu mkutanoni, kulinda mlango wa mheshimiwa, kuchana picha za mpinzani, na ikibidi kupiga. Kijana ambaye mimi nimemfundisha miaka mingi kwamba ngumi hurushwa baada ya kengele na huisha kwa kengele, anafundishwa mchana mmoja kwamba ngumi ni ya kukodisha dhidi ya mtu asiye na glavu. Wengine wamerudi kwangu na majeraha ambayo hayakupatikana ulingoni. Wengine wamelala rumande, na aliyewakodisha hakupeleka hata mkate.

Mnajiuliza kwa nini ngumi zimepoteza heshima? Mitaani neno bondia na neno pomba, yaani mbabe wa kukodiwa, sasa yanatamkwa kwa pumzi moja. Mama mmoja jirani yangu alikuja kumtoa mwanawe ukumbini, kijana mwepesi wa miguu, mwenye mkono wa kushoto ambao kocha huupata mara chache katika maisha yake. Aliniambia: "Papa kocha, mi shitaki mutoto yangu akuwe pomba ya ba politike." Sikuwa na neno la kumjibu, kwa sababu alichokiona kwa macho yake ni hicho. Mzazi hatampa mwanawe kwenye mchezo ambao wakubwa wenyewe wanautumia kama ghala la misuli.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, bondia mwenye leseni akikamatwa katika kazi ya namna hiyo, leseni yake ifungwe mwaka mzima, na sisi makocha tutakuwa wa kwanza kumpeleka. Pili, na hili ndilo gumu, viongozi wa vyama vyote vya jimbo hili waitwe na Gavana kabla ya kampeni zijazo, mbele ya waandishi wa habari, watie sahihi kwamba hawatakodi vijana wa ngumi, judo wala karate. Kumwadhibu kijana aliyekodiwa na kumwacha aliyemkodi ni dhuluma. Mnayo mamlaka ya kuanza na hilo hata kesho, na halihitaji bajeti.

Naja kwenye afya, ambayo haina mjadala. Aprili 2024 ndugu yetu Ardi Ndembo, Mkongomani wa uzito wa juu, aliangushwa ulingoni Miami, akakaa hospitali bila fahamu, na wiki tatu baadaye akafa. Hiyo ni Marekani, penye hospitali kubwa. Machi 2025, katika jumba hilohilo la Bukom nililolitaja, Mnigeria Gabriel Olanrewaju alianguka wakati wa pambano akafariki. Ngumi ni mchezo wa hatari na anayewaambia vinginevyo anawadanganya. Lakini mchezo huu umewahi kujirekebisha baada ya msiba. Novemba 1982 Mkorea Duk Koo Kim alikufa baada ya kupigana na Ray Mancini huko Las Vegas, na WBC ikapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, wengine wakafuata. Tusingoje maiti yetu wenyewe ndipo tuandike kanuni.

Damu ikivuja ndani ya fuvu, muda wa kumwokoa mtu ni mfupi sana. Kwa sababu hiyo gari la wagonjwa lenye oksijeni liwe mlangoni kabla ya kengele ya kwanza, na likiondoka na majeruhi, mapambano yasimame mpaka lije jingine. Hospitali ya Sendwe na kliniki za chuo kikuu ziarifiwe tarehe zetu mapema, daktari wa upasuaji ajue. Daktari wa ulingo awe na mamlaka ya kusimamisha pambano bila kumwuliza promota. Kila bondia awe na kitabu cha afya: macho, moyo, kipimo cha virusi vya ukimwi na homa ya ini, na tarehe ya kila mara alipoangushwa. Aliyepigwa akazimia asipande ulingoni, wala asipigwe kichwani mazoezini, kwa siku zisizopungua 60, hata kama simu imelia kutoka nje na dola zinang'aa. Leo kijana anaweza kuzimia hapa Jumamosi hii na Jumamosi ijayo akapigana ng'ambo ya Kasumbalesa, huko Zambia, kwa kuwa hakuna kitabu kinachovuka mpaka pamoja naye. Hili linanikosesha usingizi kuliko mengine yote niliyoyaandika.

Mikanda nayo imekuwa mingi mno. Duniani kuna mashirika manne makubwa, WBA, WBC, IBF na WBO, kila moja na bingwa wake katika uzito uleule, na uzito ni zaidi ya 15. Mtazamaji wa kawaida hawezi tena kusema bingwa ni nani. Uzito wa juu ulingoja mpaka Mei 2024, Usyk alipomshinda Fury huko Riyadh, ndipo ukapata tena bingwa mmoja asiyebishaniwa, wa kwanza tangu Lennox Lewis. Hayo hatuwezi kuyarekebisha kutoka hapa. Tunachoweza ni kutoongeza takataka: tuache kutunuku mikanda ya "Afrika" inayonunuliwa na mwandaaji kwa pambano moja. Tuanzishe mkanda mmoja tu, wa majimbo manne yaliyotoka Katanga ya zamani: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Bingwa autetee mara mbili kwa mwaka au auachie. Majaji watoke mji usio wa bondia yeyote kati ya wawili, na karatasi zao za pointi zisomwe kwa sauti, raundi kwa raundi, mbele ya watu. Anayeona ameibiwa ajue aliibiwa raundi gani na nani.

Majirani wametutangulia, na ni majirani wanaotusikia. Upande wa Zambia wanamkumbuka Lottie Mwale, bingwa wa Jumuiya ya Madola, na juzijuzi wamekuwa na wanawake: Esther Phiri aliyewafanya watu wa Lusaka waipende ngumi upya, na Catherine Phiri aliyeshika mkanda wa WBC mwaka 2016. Kitwe na Ndola ziko karibu nasi kuliko Kinshasa. Mazembe imewahi kuwa na Wazambia wake, akina Kalaba na Sunzu. Sisi tushindwe kupanga pambano la klabu zetu na zao mara mbili kwa mwaka, moja kwetu, moja kwao? Tanzania ilisisimka Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipokwenda Birmingham kumsimamisha Sam Eggington raundi ya 2, na Azam TV ikaendelea kuwapa mabondia wa nyumbani kioo cha kuonekana. Televisheni ya jimbo ina kamera. Itumwe mara 6 kwa mwaka.

Na wasichana wawemo tangu pambano la kwanza, kwa malipo sawa kwa raundi sawa. Marcelat Sakobi alipofunika mdomo na kuweka vidole viwili kwenye panja baada ya pambano lake kwenye Olimpiki ya Paris 2024, kwa ajili ya ndugu zetu wa mashariki ya Kongo wanaoteswa na vita, dunia ilimsikiliza bondia wa Kongo ingawa alikuwa ameshindwa kwa pointi. Ukumbini kwangu wasichana waliongezeka baada ya siku ile.

Fedha zitatoka wapi? Najua mtauliza. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Fedha hiyo msiiguse kwa ajili yetu. Ni ya visima, shule na zahanati za watu wanaokula vumbi lake. Tunaomba kitu kingine: Gavana azikutanishe kampuni za madini, za simu na viwanda vya mji huu na klabu zetu mezani, ziweke majina yao kwenye kitambaa cha ulingo na kwenye pembe zake kwa bei inayojulikana. Kampuni haitaki kuweka jina lake kwenye jambo lisilo na tarehe, lisilo na daktari, lenye mabondia wanaodai malipo. Ikipewa kalenda na kanuni, itakuja yenyewe, maana watu wa mji huu ndio wateja wake.

Mwisho, Kalambay. Naomba jimbo limwalike rasmi, kwa gharama ya jimbo, aje auone mji aliozaliwa na azungumze na vijana. Baada ya kushuka ulingoni aliendelea kufundisha huko Italia, na ujuzi ule tunauhitaji. Lakini msimwalike kwa sherehe na hotuba. Mwalikeni tarehe ya kwanza ya kalenda, akae kando ya ulingo atazame watoto wa Katuba, Kenya na Kamalondo wakipigana raundi nne.

Klabu tulizozungumza nazo katika komuni za mji ziko tayari kuleta orodha ya mabondia wao, uzito wao na hali zao za afya, mara tu mtakapotuambia ofisi ya kuipeleka. Tunaomba kikao kimoja na ninyi kabla ya mwisho wa Novemba, ili tarehe za mwaka ujao zitangazwe Januari. Jibu lenu, hata likiwa hapana, tunaliomba kwa maandishi.

Kwa heshima kubwa,

Mwalimu wa ngumi,
Komuni ya Katuba, Lubumbashi